Bushi za Prado ya zamani: namna ya kupata saizi sahihi kabla hujatoa hela (mwongozo kamili)

Kila mwezi nakutana na kisa hiki hiki. Mtu ana Prado yake ya 1997, akipita tuta gari inagonga chini kama mtu anapiga sufuria, fundi anamwambia bushi zimekwisha (zile pete za mpira kwenye maungio ya chini ya gari, zenye ganda la chuma nje na bomba la chuma katikati), anaenda mjini anasema "naomba bushi za Prado", anapewa, anarudi nazo na haziingii. Anaenda tena, anapewa zingine, hizi zinaingia kwa kusukuma na dole gumba. Mara ya tatu fundi anachoka, anagongelea kwa nyundo, miezi miwili mbele kelele imerudi na hela imeshaliwa.

Shida sio duka wala fundi peke yake. Shida ni kwamba "Prado" sio saizi. Bushi haijui jina la gari, inajua tundu inamokaa, bolti inayopita katikati na masikio (vibati viwili vya chasisi) yanayoibana, basi. Ukienda dukani na hivyo vitu vitatu kwenye karatasi hata muuzaji anabadilika anavyoongea na wewe.

Hapa natumia Prado ya 90 series, ile ya 1996 mpaka 2002, maana ndo naifahamu na ndo zimejaa barabarani huku kwetu. Ila kama una Surf, Land Cruiser 80, Escudo au X-Trail ya zamani hatua ni hizi hizi, namba tu ndo zitakuwa zako.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kadi ya gari, au picha ya kibati cha chasisi
- Venia ya chuma (kifaa cha kupimia milimita kwa kubana), ya digito au ya kawaida. Futi ya fundi cherehani au ya seremala haifai hapa, tutaona kwa nini
- Jeki nzuri na stendi mbili za kusimamishia gari, pamoja na mawe au kabari za kuzuia matairi
- Spana na boksi spana, hasa 17, 19 na 22, na bomba refu la kuongezea nguvu
- Brashi ya waya, msasa na dawa ya kulegeza kutu (WD-40 au yoyote ya aina hiyo)
- Maka peni au rangi kidogo, kalamu, karatasi
- Simu yenye kamera
- Mtaimbo mdogo

Presi (mashine ya kukandamizia bushi) usinunue. Utapeleka amu (mkono wa chuma unaoshika tairi) kwa mtu mwenye presi, kazi ya dakika chache.

## Hatua ya 1: Jua unatafuta bushi ipi

Inachekesha lakini watu wengi wanafeli hapa hapa, wanasema "bushi za mbele" wakidhani ziko za aina moja.

Hesabu na mimi. Mbele ya Prado 90 kuna amu ya juu na amu ya chini kila upande, na kila amu ina bushi mbili, hizo ni 8. Nyuma kuna eksili nzima inayoshikwa na linki nne, mbili za juu na mbili za chini, afu kuna ile panhard rodi inayolala kutoka chasisi upande mmoja kwenda kwenye eksili upande wa pili. Kila moja ina bushi mbili, kwa hiyo nyuma ni 10. Jumla 18, na hapo hujagusa za stabilaiza (chuma kinachozuia gari isilale kwenye kona) wala macho ya shokapu.

Amu ya chini ya mbele ndo mtego mkubwa. Bushi yake ya mbele na ile ya nyuma sio pacha. Ukipima moja ukaagiza nne za namna hiyo, mbili utazirudisha.

Ingia chini na tochi, weka mtaimbo kati ya amu na chasisi, sukuma taratibu. Bushi nzima inacheza kidogo afu inarudi yenyewe kama mpira. Iliyokufa utaona bomba la katikati limehama pembeni, mpira umepasuka mduara mzima, au unasikia "tok" ya chuma kwa chuma. Piga picha, andika jina la mahali: amu ya chini, kulia, bushi ya nyuma. Mpaka hapo uwe na orodha inayotaja mahali kamili. Kama bado imeandikwa "bushi za mbele seti moja" rudi chini ya gari.

## Hatua ya 2: Namba ya chasisi, sio mwaka wa gari

Prado nyingi huku zimetoka Japani, na gari za soko la Japani zina namba ya chasisi fupi, sio ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Utaikuta kwenye kadi na kwenye kibati ndani ya boneti. Inaanza hivi: KZJ95 afu mstari afu tarakimu. KZ inatokana na injini ya 1KZ, J ni ukoo wa Land Cruiser, 95 ni ile ya milango mitano. Yenye milango mitatu ni 90. RZJ95 ni ya petroli ya 2.7, VZJ95 ni ile V6 ya 3.4.

Kwa nini mwaka hautoshi? Kwa sababu mwaka uliopo kichwani mwako mara nyingi ni wa kusajiliwa, na gari ya mwishoni mwa 2002 inaweza kuwa 90 series au 120 series, na hizo ni chasisi mbili tofauti kabisa. Muuzaji akisikia "Prado 2002" anaweza kutoa ya 120 na kwa upande wake hajakosea.

Alafu kuna wale waliobadilisha injini. Kama gari ilikuja RZJ95 ukaiwekea 1KZ, bushi bado tafuta kwa namba ya chasisi, usitaje injini.

Chukua namba hiyo uiingize kwenye katalogi ya spea za Toyota, zipo mtandaoni za bure zinazokubali namba ya chasisi, au nenda dukani penye kompyuta. Utapata mchoro na namba ya spea ya tarakimu kumi, tano, mstari, tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani, tano za mwisho zinasema ni cha toleo lipi. Zoea hizi: 48654 na 48655 ni bushi za amu ya chini ya mbele, 48632 ni za amu ya juu, 48702 utaikuta kwenye linki za nyuma, 48815 ni za stabilaiza.

Angalizo: tarakimu tano za mwanzo zikifanana haina maana bushi ni moja. 48655 ipo ya Corolla na ipo ya Prado. Na wakati mwingine namba ya zamani imefutwa ikaletwa mpya mahali pake, kwa hiyo muuzaji akikupa namba nyingine muulize kama ndo iliyochukua nafasi ya ile yako, akuonyeshe kwenye kompyuta, usikubali kwa mdomo.

## Hatua ya 3: Fungua bila kuumia na bila kupoteza alama

Sasa utauliza, kama nina namba ya spea napima ya nini? Kwa sababu gari ya miaka 25 imepita mikononi mwa watu. Kuna mtu alishaweka amu ya gari nyingine, kuna aliyechonga tundu, kuna aliyeingiza bushi kubwa kwa nguvu tundu likapanuka. Namba inakuambia kiwanda kiliweka nini, venia inakuambia kuna nini leo.

Zuia matairi, inua, weka stendi chini ya chasisi. Usilale chini ya gari inayoshikwa na jeki tu, hata kama unafungua bolti moja.

Kwa amu ya chini ya mbele, kabla hujagusa nati angalia bolti zake zina sahani za duara zenye mistari. Hizo ndo za kurekebishia alaimenti (mwelekeo wa matairi). Piga mstari wa rangi kutoka kwenye sahani mpaka kwenye chasisi, ili ukirudisha gari iende walau mpaka kwa fundi wa alaimenti bila kuvuta upande. Na amu iegemezwe kwa jeki ya pili maana springi ya mbele inakaa juu yake.

Linki za nyuma fungua moja, maliza, rudisha, ndo uende nyingine. Ukifungua zote eksili inazunguka na kusogea, utapata kazi ya jioni nzima kuirudisha kwenye mstari.

Sisi tunaokaa pwani tuna mkosi mmoja zaidi. Bolti inashikana kwa kutu na bomba la katikati la bushi, unazungusha nati, bolti inazunguka na bomba lake na mpira unajikunja tu. Pulizia dawa usiku, jaribu asubuhi. Ikikataa ni kukata. Kwa hiyo jaribu kulegeza bolti KABLA ya kwenda kununua bushi, maana ikikatika unahitaji na bolti mpya na utakuwa umeokoa safari.

## Hatua ya 4: Pima namba nne

Hapa ndo moyo wa kazi, usikimbie.

Funga venia kabisa, hakikisha inasoma sifuri. Ya digito angalia iko kwenye milimita, kuna kitufe cha inchi kinabonyezeka chenyewe mfukoni, mimi kilishanipotezea nusu saa nikidhani nimechanganyikiwa. Safisha chuma kwa brashi mpaka kutu itoke, maana ganda la kutu tu linaongeza nusu milimita na nusu milimita ndo tofauti ya kuingia na kutoingia. Ndo maana futi haifai, futi inakupa 46 wakati ukweli ni 45.4.

Andika hizi nne kwa mpangilio huu huu kila mara:

Namba A, tundu la bolti. Kipenyo cha ndani cha bomba la katikati. Pima na bolti yenyewe pia. Bolti ya 14 inatakiwa iingie kwa mkono bila kuchezacheza. Tundu la 16 kwenye bolti ya 14 hata ukaze vipi ipo siku itagonga.

Namba B, kipenyo cha nje. Ganda la chuma la bushi ya zamani, au tundu la amu kama bushi imeshatoka. Pima tundu mara tatu: wima, mlalo, mshazari. Zikitofautiana tundu limekuwa yai, na hilo sio tatizo la bushi tena, ni amu. Bushi ya ganda la chuma inatakiwa iwe kubwa kuliko tundu kwa sehemu chache za kumi za milimita, ndo inajibana. Ikiwa sawa kabisa au ndogo itatoka.

Namba C, urefu wa bomba la katikati. Hii inasahaulika kuliko zote na ndo inaharibu zaidi. Pima bomba, afu pima nafasi kati ya masikio mawili ya chasisi inamoingia. Bomba linatakiwa lijae nafasi hiyo, likiingia kwa kubanana kidogo. Ukikaza bolti masikio yanalibana bomba lisizunguke, mpira ndo unajipinda. Bomba likiwa fupi kwa milimita 4, fundi atakaza mpaka masikio yapinde, au bolti itazunguka ndani na kula chuma. Likiwa refu haliingii, na hapo ndo utaona mtu anachukua grainda. Usimruhusu.

Namba D, urefu wa ganda la nje. Angalia na kama lina ukingo upande mmoja. Ukingo ndo unazuia bushi isipite, bila huo inatembea.

Tuseme umepata 14, 46, 60, 48. Huo ni mfano wa kuandika tu, usiende kununua kwa namba zangu.

Kabla hujaitoa bushi kwenye amu piga picha ya uso wake. Nyingi zina matundu kwenye mpira, uwazi kama nusu mwezi. Uwazi umewekwa ili upande mmoja uwe laini na mwingine mgumu. Ukiingiza umezungusha robo, saizi ni sahihi na bado gari itayumba. Weka alama ya rangi kwenye amu palipoelekea uwazi.

Umemaliza hatua hii kama ukipima tena kesho asubuhi unapata namba zilezile bila kupishana zaidi ya 0.1 au 0.2. Ukipishana zaidi bado kuna uchafu, au mkono ulikuwa umechoka.

## Hatua ya 5: Za stabilaiza zinapimwa kivingine

Hizi hazina ganda, ni mpira wenye umbo la herufi D unaokumbatia chuma. Kinachotakiwa ni unene wa chuma chenyewe pale inapokaa bushi. Sogeza mpira wa zamani pembeni, safisha, pima. Usipime tundu la mpira wa zamani, limeshaliwa, utanunua kubwa.

Gari za jina moja zinaweza kuwa na stabilaiza nene au nyembamba kutegemea toleo, milimita moja au mbili tu. Milimita moja hapo inatosha kukupa kelele kila kona. Mpya ikae kwa kubana, ukiizungusha kwa mkono ikatae kidogo.

## Hatua ya 6: Dukani

Beba bushi ya zamani, hata kama imechakaa vipi. Beba karatasi. Beba venia. Ukifika Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi na venia mkononi watakutania, waache wakutanie.

Utasikia, "Bosi wangu, hizi ndo za Prado zote, chukua tu, zisipoingia rudisha." Mwambie sawa kaka, niazime dakika mbili. Pima A, B, C, D hapo hapo kaunta. Pima zote unazonunua, sio moja, kwenye boksi moja nimewahi kukuta bushi mbili zinatofautiana ganda.

Muuzaji akisema "hii ya Surf inaingia", inawezekana, Surf 185 na Prado 90 ni ndugu wa karibu na vitu kadhaa vinaingiliana. Lakini venia ndo iseme. Kuna watengenezaji kama Febest wanaoandika vipimo kwenye katalogi yao, hiyo inasaidia sana kulinganisha hata kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu aina, nitasema ninavyoona mimi:

Mpira wa kawaida ndo chaguo la gari ya familia. Unanyonya mtikisiko, hautaki grisi.

Poliyurethani, zile za rangi, ni ngumu na zinadumu, ila nyingi zinakuja vipande viwili na baadhi zinataka ganda la chuma la zamani libaki kwenye amu. Soma maelekezo kabla ya kwenda kwa mtu wa presi, maana akishatoa ganda kwa mazoea yake, saizi uliyonunua haina mahali pa kukaa. Na zinataka grisi ya silikoni, sio hii ya beringi.

Nailoni ya kuchongesha kwa fundi wa mashine, najua wengi wanapenda, ni bei rahisi na saizi inachongwa vyovyote. Kwenye linki za nyuma sishauri kabisa. Linki inajipinda pande zote gari ikipanda jiwe, nailoni haijipindi, kwa hiyo kinachojipinda ni masikio ya chasisi. Nimeona yaliyopasuka kwenye weldi.

Na ile ya kuzungushia bati la kopo la soda bushi iliyolegea... hapana. Inakaa wiki.

## Hatua ya 7: Jaribu kabla ya presi

Simamisha bushi mpya kwenye mdomo wa tundu kwa mkono. Ikiingia yote kwa kusukuma, sio yako. Isiposhika hata kidogo na inapanda juu ya ukingo mzima, pima tena. Inayofaa inakaa mdomoni, inaanza kuingia ikiwa imenyooka, afu inagoma. Hapo ndo presi inaanzia kazi.

Kuna wanaosema weka friza usiku kucha. Inasaidia kidogo sana. Chuma cha kipenyo cha mm 46 kikipoa nyuzi 50 kinapungua kama 0.03 tu. Kama bushi imezidi milimita nzima, hata friza ya samaki haitaiingiza.

Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isiwe oili chafu, oili inavimbisha mpira. Presi ikandamize ganda la nje, kwa kutumia boksi spana kubwa au kipande cha bomba, isikandamize bomba la katikati wala mpira. Ukisikia mlio wa kukwaruza na inaingia upande, simamisha, toa, anza upya.

Ikikaa vizuri utaona ganda limelingana na amu, uwazi umeelekea kwenye ile alama yako ya rangi, na bomba la katikati limetokeza sawa pande zote mbili. Hapo piga mstari wa rangi kutoka kwenye ganda mpaka kwenye amu.

## Hatua ya 8: Kaza gari ikiwa chini

Rudisha amu, ingiza bolti, kaza kwa mkono tu. SHUSHA gari, matairi yabebe uzito, itikise mara kadhaa ikae, ndo uingie chini ukaze mwisho kwa kipimo cha kukazia kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari yako. Prado iko juu, nafasi ya kuingia ipo. Ukishindwa, pandisha matairi yote manne juu ya mbao nene.

Sababu ni kwamba mpira umegandishwa kwenye bomba na kwenye ganda. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, gari ikishuka mpira unakuwa umeshajikunja muda wote hata ukiwa umepaki. Unachanika mapema, na mwenye gari anasema alipewa feki. Nadhani nusu ya bushi "feki" ninazoletewa zimekufa hivi.

Siku hiyo hiyo nenda alaimenti, hasa kama umegusa zile bolti zenye sahani. Endesha wiki moja, angalia nati zote tena, na pitia rangi uliyoweka kwenye ganda na amu. Mistari ikiwa bado imeungana, bushi haijazunguka wala kutembea. Ikiwa imepishana, toa venia, anza na namba B.